Onyo Lililofutwa

Afriyie alijigamba mbele ya ofisi nzima kwamba hakuna kitu kilichowahi kujificha asikione ndani ya programu. "Miwani tu ndiyo hunishinda," akaongeza, akiipapasa mezani nayo imemkaa kichwani.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu asubuhi mzaha ulimkauka mdomoni.

Alikuwa amepewa programu ya dawa ya hospitali moja hapo Kumasi, aipunguzie uzito. Katika programu hizo aina moja, yaani fungu la maelekezo lenye jina lake, hubeba aina nyingine tumboni, kama kenkey, donge la unga wa mahindi, ndani ya maganda yake, na kabla ya kufuta kitu sharti programu ijigeukie, ijiulize: aina hii imebeba nini? Lakini mashine nayo ina adabu ya mwenye nyumba. Ukiuliza juu juu hukuonyesha sebule. Vya chumbani havitoki mpaka uvitaje kuwa unavitaka. Ijumaa hiyo Afriyie aliuliza juu juu. Akajibiwa hamna kitu, akaifuta aina iitwayo Mgonjwa kama ganda tupu, akakimbilia kwa fundi kuchukua nguo nyeusi ya mazishi ya Jumamosi. Kumasi utasamehewa kukosa kazini, mazishini husamehewi.

Kumbe ndani ya aina ya Mgonjwa ilifichwa nyingine, Onyo, ndiyo iliyokuwa ikimpigia muuguzi kelele asimchome mtu dawa inayomdhuru.

Sasa muuguzi, Sista Boatemaa, alikuwa kwenye simu kutoka wodini. Alisema kuna mama amelazwa, anamkumbuka kabisa, mwaka jana sindano hiihii ilimvimbisha koo, na leo skrini imenyamaza. Aamini skrini au aamini macho yake?

Bosi Oduro aliiweka simu mezani wote wasikie. Afriyie alishajua kosa ni lake. Akisema kweli, kazi imekwenda, na nyumbani Offinso wanamtegemea yeye peke yake.

"Afriyie, uliuliza na vilivyofichwa?"

"Niliuliza, bosi. Hamkuwa na kitu. Sista labda anamfananisha."

Oduro hakupandisha sauti. Aliinamia simu. "Sista, weka sindano chini. Macho yako yana akili kuliko sisi."

Kisha akamgeukia Afriyie taratibu, kama mtu aliyefiwa.

"Onyo niliificha mimi, binti yangu, kwa mkono huu, watu wasiichezee. Haya, nionyeshe hilo swali ulilouliza."

Mkono wa Afriyie ulikwenda kwenye kompyuta, ukakaa juu ya lile swali lisilotaja vilivyofichwa.