Nitaizoea Lini?

Mwaka 1996 Eufrazia, mkulima wa mpunga kutoka Mpimbwe, alilazwa hospitali ya Mpanda na saratani ya kizazi iliyokwisha kusambaa. Maumivu yalimfanya ang'ate shuka mpaka likachanika. Mumewe, Bartolomeo, alimwomba daktari amchome sindano ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu.

"Dawa ile ni hatari, mzee," daktari alisema. "Ataizoea, ashindwe kuiacha. Aendelee na aspirini."

Eufrazia alimsikia kutoka kitandani. "Daktari, jana ulisema mwezi huu siuvuki. Nitaizoea lini?"

Daktari akahamia kitanda kingine.

Eufrazia alikufa Jumapili, akipiga kelele tangu alfajiri. Daktari alikuja kutoa pole. "Sasa amepumzika, mzee."

Bartolomeo hakuupokea mkono wake. "Sisi tulikuomba apumzike akiwa hai."