Mgeni Mlangoni mwa Moyo

Usiku wa jana, ambao kwangu ulianza saa tatu asubuhi pale dawa ya usingizi ilipoingia mshipani, niliota nimesimama ndani ya moyo wangu mwenyewe na kipaza sauti mkononi.

Sikushangaa. Mimi ni mshereheshaji wa harusi, na ukumbi ni ukumbi. Huu ulikuwa na zulia jekundu lililolowa na mlango wa mbao tatu uliofunguka na kujifunga bila kupumzika.

Kwenye ubao wa kati amekaa mgeni. Ni mdogo kama harage, amejifunga kikoi chenye matamvua mengi yanayopepea kila damu inapopita.

"Shikamoo, Mama Tusekile," anasema. "Karibu."

"Marahaba. Unanikaribisha kwangu?"

"Samahani. Nimezoea."

Hapo nikamjua. Ndiye aliyeniaibisha kwenye harusi ya Bupe, nilipofungua kinywa kumtambulisha bibi harusi na jina likakataa kutoka. Uzi mmoja wa matamvua yake ulikuwa umekatika na kupanda na damu hadi kichwani. Ulimi ulirudi jioni ile, ila Daktari Kileo alinionya kwamba ukikatika mwingine, huenda usirudi tena. Kinyama hicho kilichoota kwenye mlango wa moyo si saratani, alisema. Hakina ubaya, lakini kimekaa pabaya.

"Sina nia mbaya," mgeni anasema.

"Najua. Leo siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

Mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe. Natazama mkononi, kipaza sauti kimekuwa jembe. Nampa.

"Sina mikono, mama. Nina matamvua tu."

Nyuma yangu kuna mlio: ti, ti, ti. Ni mlango wa chuma, umevaa suti. "Nimekuja kuhusu kazi," unasema. "Nimeambiwa huu wa zamani ukichanika wakati wa kumtoa mgeni, nafasi ni yangu."

Mlango wangu ukanitazama. "Tuse," ukasema, "tumetoka mbali wewe na mimi." Nikauonea huruma, machozi yakanitoka.

"Siwezi kulima mlango unaofunguka," nikauambia. "Na ukisimama nakufa."

Nje mashine ikabisha hodi. "Nitawasukumia damu mimi," ikasema. "Ila msijisahau, nina wengine wanaoningoja."

Mlango ukatulia. Ulikuwa haujapumzika tangu nizaliwe.

Basi nikafanya ninachofanya mwisho wa kila sherehe, mtu anapong'ang'ania kiti. Nikalishika jembe kama kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, mgeni wetu anaomba kuaga."

"Nimeaga?" akauliza.

"Umeaga."

"Basi sawa." Akakusanya matamvua yake yote kifuani, uzi hata mmoja usidondoke, akainuka kidogo. Chini yake kulikuwa na mguu mmoja mwembamba. Nikapitisha jembe pale pale mguu uliposhikana na ubao. Akatoka mzima mzima, na ubao haukupata hata mkwaruzo. Mlango ukafunguka, damu ikaja kwa vigelegele.

"Nitaenda kwa wanaonihitaji," ukasema mlango wa chuma, bila kinyongo.

Asubuhi hii nilifumbua macho. Daktari Kileo alikuwa kando ya kitanda pamoja na mdogo wangu Subilaga, ambaye macho yalikuwa yamemvimba.

"Kimetoka chote na shina lake, mama," daktari akasema. "Mlango umebaki ule ule wako. Hebu sema neno."

Nikasikiliza kifuani kwanza. Hakuna ti, ti. "Bibi harusi," nikasema polepole, "ni Bupe Mwakalinga."

Subilaga akapiga kigelegele katika wodi isiyoruhusu hata kunong'ona. Nesi akaja mbio kumnyamazisha, akaishia kucheka.

Daktari alikuwa ameushika mkono wangu wa kulia, anaugeuzageuza. Kiganjani kulikuwa na lengelenge jipya, limejaa maji.

"Hili jana halikuwepo," akasema. "Na ulikuwa umelala muda wote."

"Nilikuwa nalima, daktari," nikamjibu.