Debe la Korona

Maneno yalitoka Chole yakafika Mzenga kabla ya masika, nayo yakamganda Paskalia kama utomvu wa fenesi: mafuta ya Mwanamkuu yanakata miguu. Watu waliokula pilau ya arusi huko Chole walikuwa wakiburuza nyayo kama wafungwa, na mafuta ya pilau ile yalikuwa ya Mwanamkuu. Basi. Aulizwe nani mwingine?

Mchana, akiwa na jembe mkononi, Paskalia aliyapuuza. Jioni, akiinjika chungu, yalirudi. Mwanamkuu alikuwa jirani yake, mjane mtu mzima aliyemuuzia mafuta ya nazi tangu alipoolewa hapo, kwa vibuyu vilivyozibwa kwa gunzi la hindi. Lakini sasa kila bibi huyo alipopita, Paskalia alijikuta akimwita Laurentia, binti yake wa pekee, aingie ndani. Kwa nini alimtazama mtoto vile? Kwa nini alisema amenenepa?

Akaamua kupika mafuta yake mwenyewe. Alikuna nazi mpaka kiganja kikachubuka, akakamua tui, akaliacha lilale, akalichemsha taratibu hadi maji yakaisha na mafuta yakabaki yaking'aa. Kilichokosekana ni chombo. Mumewe, Raphaeli, alikuwa mpakaji wa grisi kwenye korona, ile mashine ya kuparua mkonge, katika shamba moja upande wa Kibaha. Alilala kambini wiki nzima na kurudi Jumamosi. Jumamosi moja alirudi na debe tupu begani, alilopewa shambani.

Wanawake wa Mzenga wanajua kutakasa debe. Hata la mafuta ya taa hutiwa mchanga na majivu, likasuguliwa kwa makumbi, likachemshiwa maji, likainamishwa juu ya moto. Kisha mwenye nyumba huingiza uso ndani na kunusa. Pua ikinyamaza, debe limetakata. Hili hata kabla ya kusuguliwa lilinuka kidogo tu, mfano wa dawa ya hospitali, na ute uliosalia kwenye mishono yake ulikuwa mwepesi, hauna rangi. Paskalia alinusa, akamwita Raphaeli naye anuse. Hakuna kitu. Akamimina mafuta yake humo, akalala usingizi ambao alikuwa ameusahau.

Kwaresima ikaingia. Paskalia alifunga mafuta, kama alivyofanya kila mwaka, akala muhogo wa kuchemsha kwa chumvi. Raphaeli alikula kambini, na Jumamosi akafunga pamoja na mkewe. Mtoto hafungi. Laurentia alikaangiwa muhogo, akatiliwa mafuta kwenye mchicha, akapakwa hata miguuni baada ya kuoga, na miguu yake iking'aa mama alifurahi.

Jumapili ya Matawi ilipokaribia, Laurentia alianza kujikwaa mahali pasipo na kisiki. Vidole vya miguu vilining'inia. Ili asijikwae aliinua magoti juu, kama kuku avukaye tope, na watoto wenzake wakamcheka wakidhani anacheza. Siku aliyoshindwa kusimama mkekani, Paskalia hakwenda kwa padri wala hospitali. Alikwenda kwa Mwanamkuu.

Alimkuta barazani akisuka ukili. Hakumwamkia.

"Mama Laurentia," bibi alisema, vidole vikiendelea na kazi. "Siku hizi shikamoo inauzwa?"

"Umemfanya nini mwanangu?"

Ukili ukatua chini. Mwanamkuu aliuliza mtoto anaumwaje, akasikiliza mpaka mwisho.

"Tangu maneno ya Chole hujanunua kwangu hata tone," alisema. "Hata moto huombi tena. Nikipita unamwita mtoto ndani, unadhani sioni. Hebu niambie, mwanangu, nimemfikia kwa mlango gani?"

Paskalia aliketi ukingoni mwa baraza. Mwanamkuu akaendelea.

"Na huko Chole, mafuta yangu niliyamimina kwenye debe lao, vibuyu vyangu nikarudi navyo."

"Debe la nani?"

"La kambini. Wana vijana wao kwenye mkonge, kama wewe ulivyo na mumeo."

Paskalia hakuaga. Alimbeba Laurentia mgongoni, debe likiwa kichwani, hadi hospitali ya misheni. Daktari alimchoma mtoto nyayo kwa pini, na mtoto akaendelea kuangalia dirishani. Mishipa ya fahamu imedhurika, alisema. Huenda vidole vikainuka tena, huenda visiinuke. Akamwagiza akaulize shambani kwa mumewe debe lile lilibeba nini.

Huko shambani Adamu, karani wa stoo, aliligeuza debe, akakwangua kutu, akasoma. Ilikuwa fosfaiti, dawa ya kuchanganya kwenye mafuta ya mitambo ili vyuma visilane. Alimweleza kama alivyoelezwa na injinia: Ulaya viwandani huitumia kuundia dawa nyingine, na ina tabia ya kushikana na madini. Ikishayashika, madini hufanya kazi yasiyoiweza peke yake.

"Inashika chuma kama mkwezi na mnazi," alisema. "Kwa mchanga huitoi yote, dada. Inajificha kwenye mishono."

"Mlijua ni sumu?"

"Nilijua ni ya mitambo."

"Mbona madebe mnawapa watu?"

Adamu aliangalia mlangoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba hakuna aliyekataza. Paskalia hakumwamini. Aliporudi alihesabu nyumba zenye madebe ya namna ile uani, akaona ni nyingi, na kwenye moja wanawake walikuwa wakipepeta huku mafuta yakichujwa ndani ya debe.

Alirudi kwa Mwanamkuu, akapiga magoti, akasema shikamoo. Bibi alichelewa kuitikia, lakini aliitikia. Paskalia akamwomba amsaidie kuwaonya watu.

"Nikienda peke yangu watasema najisafisha," Mwanamkuu alisema, akijifunga kanga ya pili. "Na wewe peke yako, watasema mtoto amekuchanganya akili. Twende wote."

Wakaenda nyumba kwa nyumba, za Wakristo na za Waislamu, mmoja akibisha hodi, mwingine akiwa amembeba Laurentia. Kila mlango, Paskalia alisema yaleyale:

Msitie chakula kwenye debe lililotoka kwenye mitambo, hata likichomwa moto.

Msiiamini pua.

Msimpake mtoto mafuta msiyojua yalilala wapi.

Msimpe jirani debe hilo, wala msilitupe karibu na kisima. Litoboeni, mlizike mbali.

Na mtoto akisema miguu yake imekufa ganzi, msimwambie anadeka.