Kifurushi cha Nywele

Wateja wa yule msusi hawakuacha nywele zao saluni hata kwa dawa. Zilizotoka kwenye chanuo alizifunga katika kipande cha gazeti akamkabidhi mwenyewe, akazitupe anakojua. Fundi cherehani, mteja wake kwa miaka saba, alizoea kifurushi chepesi cha kutia pochini na kusahau.

Siku hiyo, ikiwa imebaki wiki moja mdogo wa mwisho wa fundi huyo aolewe, msusi alichana mafungu mawili tu, akaacha. Akamwekea kifurushi mapajani. Kilijaa kiganja.

"Leo sikusuki," alisema.

Fundi alipandwa na hasira. Yeye ndiye dada mkubwa. Asimame mbele ya wakwe kama kuku aliyenyonyolewa? Akadai hata mafuta ya saluni hiyo ndiyo yaliyomharibu. Msusi hakurudisha tusi. Alimweleza taratibu kwamba vifurushi vyake vitatu vya mwisho vilikuwa vikinenepa kimoja baada ya kingine. Nyusi zake zilikatika pembeni, ngozi ya viwiko ilipukutika unga, na leo jua lote lile amevaa sweta.

"Dada yangu, kazi yangu ni nywele, na shida yako haikuanzia kwenye nywele. Nikikusuka nitakuwa nimeufunika ugonjwa tu. Nenda wakupime damu."

Alikwenda, tena kwa kiburi, ili arudi kumsuta. Majibu yakaonyesha msusi hakukosea. Tezi ya shingoni ilikuwa imezembea kazi, na daktari alisema hata moyo ulishaanza kuchoka. Akaanzishiwa kidonge cha kila asubuhi kabla ya kula. Harusini alivaa kilemba alichojishonea, na shangazi wawili wakamwagiza cha kwao.

Miezi minane baadaye alirudi saluni na maneno marefu ya shukrani, aliyoyarudia njia nzima. Kabla hajayatoa, msusi alishamkalisha na kumchana kichwa kizima. Akachukua kipande cha gazeti kama kawaida, akatazama chanuo, akakirudisha mezani.

"Leo hazitoshi hata kufunga."

Fundi akayaacha maneno yake yote. Aliushika mkono ule wenye mafuta, akauweka shavuni, akalia bila kuona haya.

"Ungenisuka siku ile," alisema hatimaye, "ningekushukuru siku ile tu."

Kisha akainamisha kichwa, asukwe.