Aibu ya Shahidi

Foleni ya maungamo ya Kwaresima ilitoka hadi nje ya kanisa la kigango, na Tecla alikuwa amekwisha kuwapisha watu watano.

"We Tecla, dhambi zako ni nyingi kiasi hicho?" Scolastica alimtania. "Ingia, wenzako tuwahi kupalilia!"

Watu wakacheka. Tecla alicheka nao huku uso ukimwaka. Hazikuwa nyingi, ilikuwa moja. Juma lililopita, katika kikao cha kuhakiki uraia hapo Nyakisasa, afisa alimwuliza kama anamfahamu Irakoze, binti wa jirani yake, marehemu Anatory. Tecla, aliyempokea binti huyo kwa mikono yake siku alipozaliwa, alijibu kwamba hamfahamu. Mama yake Irakoze alikuwa Mrundi. Bila shahidi, binti angeandikwa mgeni, na shamba la migomba aliloachiwa na baba yake lingerudi kijijini. Shamba hilo lilipakana na la Tecla. Orodha ilikuwa ifungwe leo saa nane.

Alimvuta kando katekista Marcel, akamweleza yote kwa sauti ya chini.

"Toba ni neema, Mwalimu, ndivyo ulivyotufundisha. Mimi sijapewa. Siku saba napiga magoti, moyo mkavu. Nitaungamaje nisichokijutia? Acha nimngoje Mungu."

"Ukipita kwa Irakoze, unatazama wapi?"

"Chini."

"Hiyo aibu uliinunua mnadani?"

"Aibu si toba, Mwalimu."

"Sikusema ni toba. Nasema umepewa kitu, nawe umekikalia ukidai hujapewa." Marcel alitazama saa yake. "Padri atakuwepo hata kesho. Afisa hatakuwepo."

Tecla alimchukia kwa maneno hayo. Hata hivyo, miguu yake ilishika njia ya ofisi ya kata.

Irakoze alikuwa kwenye benchi pamoja na wengine, karatasi zake mapajani. Tecla alisema alichokuja kusema. Afisa hakuigusa kalamu.

"Mama, juma lililopita hukumfahamu. Leo umekumbuka. Amekupa nini?"

Benchi zima likaangua kicheko. Tecla alieleza mvua ya siku ile, wembe mpya, uzi alioufungia kitovu.

"Hayo hata mimi naweza kuyatunga," afisa alisema.

Lilibaki neno moja, lile ambalo hakuna mtu angejitungia mwenyewe.

"Nililitaka shamba lake."

"Sema kwa sauti."

"Nililitaka shamba lake, baba. Nilijua akiandikwa mgeni, mimi ndiye ningeliomba kijijini."

"Yesu na Maria!" mtu alinong'ona. Hakuna aliyecheka tena. Afisa aliandika, akasogeza kidau cha wino, akakikandamiza kidole gumba cha Tecla juu ya karatasi.

Tecla alingoja moyo upate nafuu. Haukupata. Alitamani mlango tu, na ili kuufikia ilimpasa kupita mbele ya Irakoze. Binti alisimama, kama wasimamavyo watoto waliolelewa vizuri mbele ya mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

Tecla angeipokeaje heshima hiyo kwa mdomo uleule uliomkana?

"Shikamoo, mama," Irakoze alirudia, taratibu, kana kwamba hakusikika, na benchi zima likainua macho kungoja jibu.