Aliyeng'oa Kiki Akafunga Spika

Jina alilopewa na mama yake lilishasahaulika. Watu walimwita Disko, na ukiiona pikipiki yake huulizi kwa nini. Taa nyekundu mbele, kijani ubavuni, buluu chini ya injini, na zote zinakonyeza kama mtu aliyeingiwa na mdudu jichoni. Kila upande spika. Ile ya kulia ilipokosa pa kukaa kwa sababu kiki, ule mguu wa kuwashia kwa teke, imeziba nafasi, Disko aliing'oa kiki.

"Kupiga teke ni mambo ya wazee," alimwambia fundi wake. "Siku hizi ni kidole tu."

Fundi alikuwa na kitambi cha kutosha kuwekea spana. Akacheka mpaka spana zikamwagika.

"Kidole kinategemea betri, ndugu yangu. Na betri yako inalisha ukumbi mzima wa dansi. Wenzako betri inawakalia miaka miwili, mitatu. Wewe hata mvua mbili haimalizi."

"Wananiuzia mbovu."

"Mbovu ni wewe."

Basi na betri hiyo nayo ikafa, vilevile kama dada zake. Kwanza ukipiga honi taa zinafifia. Kisha stata ikaanza kukohoa kohoa. Mwisho ukibonyeza unasikia "tik" moja tu, basi, kimya.

Disko hakununua nyingine. Alijifunza kuishi kwa mteremko. Anakula penye mteremko, analala penye mteremko, na abiria akisimama tambarare anapungiwa mkono kwa heshima na kuachwa hapohapo. Kuondoka ni kukaa juu, kutia gia ya pili, kuminya klachi, kuserereka, kisha kuiachia klachi ghafla mpaka injini ishike. Ungemwona ungesema kazaliwa na mbuzi wa mlimani.

Balaa lilianza alipompenda binti mmoja mshonaji. Mshonaji wa watu alikuwa mzuri, mcheshi, mkono wake mwepesi, lakini nyumba yao ilikuwa mahali ambapo ukimwaga maji yanabaki yanafikiri yaende wapi. Mshonaji huyo alilelewa na shangazi yake, na shangazi asiposema ndiyo, ndoa hakuna. Naye akatuma neno: Jumamosi asubuhi aje huyo anayejiita mwanamume, anipeleke sokoni, nimtazame.

Disko akapanga mpango wa kijinga kabisa: akifika, hazimi.

Alifika injini inanguruma. Shangazi alikuwa barazani, ndani ya gauni jipya la zambarau, mabega yamesimama kama masikio ya punda. Disko akaona fahari; akadhani amevaliwa yeye.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona hujazima?"

"Inapata joto, shangazi."

"Imetoka safari ndiyo inatafuta joto? Ina homa?"

Mshonaji alisimama mlangoni, futi ya kitambaa shingoni, ameuma midomo. Yeye siri aliijua. Shangazi akashuka barazani taratibu, akazungusha ufunguo, akauchomoa, akautumbukiza kifuani, mahali ambapo hakuna mkwe anayethubutu kuufuata.

"Sasa tunywe chai tusikilizane."

Chai ile Disko aliinywa kama dawa ya minyoo. Ilipokwisha, shangazi akapanda nyuma ya pikipiki, akatandaza gauni lake, akatoa ufunguo.

"Washa."

Tik.

"Imesema nini?"

"Inapumzika, shangazi."

"Basi ipige teke. Marehemu mume wangu alikuwa nayo, akiipiga teke inaitika kama mtoto mwenye adabu."

Disko akatazama ardhi. "Kiki haipo."

"Imeibwa?"

"Niliing'oa."

"Ukaweka nini?"

"Spika."

"Mwanangu, mke wako akishikwa na uchungu, utampigia muziki mtoto ajitokeze mwenyewe?"

"Labda kwa jirani kuna gari, nichukue umeme wa betri yake kwa waya…"

"Jirani ni huyo mmoja wa kona, na huyo simwombi hata kiberiti."

Wa kona mwenyewe alishatoka nje, kikombe mkononi, amejisogezea kiti kabisa. Huyu ndiye aliyeazima sufuria ya shangazi akairudisha bila mfuniko, na tangu siku hiyo hawasalimiani.

"Shuka basi, shangazi, tuisukume," Disko akanong'ona.

"Nimeshakaa. Sishuki mbele ya yule."

Basi ikasukumwa naye akiwa juu. Disko ameshika usukani, mshonaji anasukuma nyuma huku anakufa kwa kicheko, na kicheko kikishaingia, nguvu inatoka. Gia ya pili, klachi, achia! Pikipiki ikaruka kama iliyoumwa na nyuki, ikazima, ikaegemea upande, na shangazi akaenda chini polepole, kwa heshima zote, akakaa katikati ya dimbwi la maji ya kufulia.

Hapo ndipo swichi ya redio ilipojibonyeza. Betri iliyoshindwa kuzungusha injini haikushindwa kuimba. Taa zikakonyeza rangi zote, spika zikafoka wimbo wa mapenzi, na wa kona akacheka mpaka chai ikamtokea puani.

Shangazi akanyanyuka, anachuruzika.

"Nenda," akasema. "Huna kiki, huna mchumba. Ukiipata hiyo ya kwanza, tutazungumza ya pili."

Disko alikokota pikipiki mpaka kwa fundi. Taa na spika zikauzwa kwa kinyozi, zikarudi kama betri mpya. Kiki ilipatikana palepale gereji. Fundi alikuwa anaitumia kuzuilia mlango usijifunge. Akaifunga mahali pake, akasugua ukatoka unga mweupe ulioganda kwenye vichwa vya waya za betri, akasema, "Sasa una pikipiki. Zamani ulikuwa na harusi ya watu wengine."

Jumamosi iliyofuata Disko aliingia uani taratibu, akazima mwenyewe, akaweka ufunguo mkononi mwa shangazi. Gauni la zambarau lilishafuliwa, limevaliwa tena. Kule kona kiti nacho kilishatoka nje.

"Washa kwa kidole," shangazi akasema. Ikawaka. "Zima. Sasa teke." Disko akapiga teke moja, ikaitika. Mshonaji akapiga makofi mlangoni.

Shangazi akaizunguka pikipiki, akainama, akachungulia, uso ukamshuka.

"Na muziki uko wapi?"

"Nimeuza, shangazi. Si ulisema…"

"Nilisema kiki! Nani alikwambia uuze muziki? Gauni hili unadhani nilishona kwa ajili ya nyanya za sokoni? Nilitaka nipite pale kona na taa zangu, na ngoma zangu, yule akose usingizi mwezi mzima. Sasa nipite kimyakimya kama nakwenda kuzikwa?"

Disko akajua amekwisha.

Shangazi akashusha pumzi, akapanda nyuma, akatandaza gauni. "Twende. Ukifika kona, upunguze mwendo."

Akapunguza. Na hapo, mbele ya kiti, kikombe na mwenye navyo, shangazi akapanua kifua na kuanza kuimba ule wimbo wa spika, kwa sauti iliyopasuka kama sinia lililoanguka. Maneno hakuyajua, akatia ya kwake.

"Mkwe wangu!" akamfokea Disko sikioni, katikati ya ubeti. "Honi nayo umeuza? Piga honi!"