Gari Lililolalia Kushoto

Walimwita Fundi Timazi kwa sababu enzi zake hakuna gari lililotoka mikononi mwake likiwa limepinda. Jina hilo alilivaa kama wengine wanavyovaa suti ya harusi. Mkewe alikuwa amefariki, binti yake ameolewa mbali, na wateja walipungua mmoja mmoja hadi karakana ikabaki yake yeye na buibui. Alisema wamekimbilia gereji mpya zenye taa nyingi. Alisema kwa sauti kubwa, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. Lililobaki lilikuwa jina tu, na jina aliling'ang'ania.

Basi asubuhi ile nesi mmoja mstaafu alipoingiza gari lake karakanani, moyo wa fundi ulidunda kama wa kijana aliyeitwa kwenye usaili. Lilikuwa gari la kulala ndani: kitanda nyuma, na ubavuni kushoto jiko, kabati na tangi la maji, vyote vimebanana. Nesi aliishi humo tangu alipoacha kazi, na sasa alikuwa safarini kwenda kwa mdogo wake.

"Linalalia kushoto, fundi," alisema. "Nikijilaza nabiringika hadi ukutani. Nikikaanga yai, lote linakimbilia ukingo mmoja wa kikaango."

Fundi alilizunguka gari, mikono mgongoni, akikohoa kikohozi chake cha kitaalamu. Akalitazama kwa mbele, akalitazama kwa nyuma. Gari lilisimama kama askari gwarideni. Akachukua pima maji, akailaza juu ya bampa, akasubiri. Kipovu ndani ya kioo chake kikatulia katikati kabisa.

"Mama, gari lako limenyooka."

"Limenyooka?"

"Njoo uone mwenyewe. Kipovu hiki hakijawahi kunidanganya."

Nesi akainama, akatazama. "Basi niliyepinda ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema, ila kwa adabu."

Fundi akacheka. Kicheko kilimtoka kikiwa na kutu, naye mwenyewe akakishangaa. Hakutaka mgeni aondoke upesi namna ile, kwa hiyo akamkaribisha chai katika chumba cha nyuma alimokuwa akiishi.

Nesi aliketi, akashika kikombe, lakini macho yake hayakutulia. Miguu ya meza ya upande wa kulia ilikuwa imewekewa vipande vya boksi vilivyokunjwa. Kitanda kilipandishwa juu ya matofali, upande huohuo. Mlango ulifungwa kwa kamba ya kiatu.

"Meza ina nini?"

"Aliyeitengeneza alikuwa mvivu."

"Na kitanda?"

"Kimezeeka."

"Mlango?"

"Bawaba hizi za siku hizi, mama, ni bati tupu. Usipoufunga unajifungukia wenyewe."

"Mh. Na wewe mbona unachechemea?"

Hapo fundi alisita. Alieleza kwamba mguu wake wa kulia ulikuwa umefupika kwa uzee, naye akajikatia kipande cha mpira wa tairi akakitia ndani ya kiatu. Kilimsaidia sana humu ndani. Akitoka nje ndipo kiuno kilipomuuma, kwa hiyo siku hizi hakutoka mara kwa mara.

"Vua viatu," nesi akasema.

"Mama, mimi ndiye fundi hapa."

"Na mimi nimefunga watu bandeji tangu sijaota mvi. Vua, lala kitandani, nipe futi yako ya kupimia."

Fundi akalala kama mtoto anayesubiri sindano. Nesi akampima toka nyonga hadi kifundo, mguu huu na huu, akarudia. Muda mrefu ulikuwa umepita bila mtu kumgusa fundi, hata kwa mkono wa salamu. Akageuza uso ukutani.

"Miguu yako iko sawa sawia," nesi akasema, akimrudishia futi. "Haya, sasa kapime na lile gari."

Fundi alipima kutoka sakafuni hadi ukingo wa bodi juu ya gurudumu la nyuma. Kushoto palipungua vidole viwili. Akarudia. Vidole viwili. Akatazama pima maji pale kwenye bampa: kipovu kilikuwa palepale katikati, kimetulia. Gari limekaa chini upande mmoja, na bado liko sawa? Vyombo vyake viwili vya kuaminika vilikuwa vinabishana mbele ya mgeni.

 Kisha, polepole, akaiondoa pima maji kwenye bampa na kuilaza sakafuni.

Kipovu kikakimbilia kushoto, kikajibanza huko.

Sakafu ilikuwa imezama upande wa kulia, uliko ukuta wenye mfereji wa mvua ambao mkewe alizoea kumsumbua auzibue. Maji yake yalilowesha udongo miaka yote, sakafu ikazama kidogo kidogo, na yeye akazama nayo, akitia boksi hapa, tofali pale, mpira kiatuni. Kila gari alilolinyoosha humu alilinyoosha kwa kufuata sakafu mbovu.

"Mama," alisema, "gari lako limelala. Nilikosea mimi."

Nesi akafungua mlango wa dereva.

Walilitoa hadi ng'ambo ya barabara, kwenye baraza pana ya saruji ya jirani yake seremala. Pale gari lililalia kushoto waziwazi, hata kipofu angeliona.

"Timazi! Umefufuka?" seremala akaita, penseli sikioni. "Leo unafanyia kazi juani?"

"Naomba baraza yako, ndugu yangu."

"Chukua. Maana magari yako siku hizi yanatoka yameinama kama yanaomba radhi. Nilidhani ni mtindo mpya."

"Mbona hukuniambia?"

Seremala akapuliza vumbi la randa. "Nilikuja. Ukanijibu kutoka ndani kwamba leo umefunga."

Fundi hakumbishia. Alijilaza chini ya gari. Springi ya kushoto ilikuwa imechoka, majani yake ya chuma yamenyooka kama rula kwa kubeba tangi na kabati miaka yote. Akaifungua, akaiongezea jani, akaifunga. Tangi la maji akalihamishia katikati, mtungi wa gesi akaupeleka kulia. Alipima kwa futi, akapima kwa pima maji, na safari hii vyombo vilikubaliana.

Nesi akapanda, akajilaza kitandani kwake, mlango wazi. "Sibiringiki," akasema kutoka ndani.

Akawasha gari. Fundi alitamani kumwambia chai ilikuwa haijaisha. Badala yake akamwambia akaze nati za springi baada ya safari ya siku ya kwanza. Gari likapinda kona likiwa limenyooka, na honi ikalia mara moja.

Alirudi chumbani, akatoa mpira kiatuni, akampigia simu binti yake.

"Baba? Kuna nini?"

"Sakafu imezama."

"Tangu lini?"

 Upande wa pili watoto walikuwa wakigombania kitu.

"Baba, upo?"

"Nipo. Njoo uione."

"Nitajitahidi, baba. Nikipata nafasi."

"Ukipata nafasi," alisema fundi.

Simu ilipokatika, akachomoa boksi chini ya meza. Meza ikainama. Kikombe cha mgeni kilikuwa bado na chai, na chai ikasogea taratibu hadi ukingoni, ikakaa hapo. Safari hii hakukiwekea kitu chini. Alichukua ufagio, akatoka kwenda kuzibua mfereji.